Wa Nyumbani Hagongewi

Watu wengi wanafikiri pasi ya kusafiria inaisha kwa tarehe. Yangu iliisha kwa kurasa. Tarehe ilikuwa bado mbali, imeandikwa vizuri pembeni ya picha yangu ya kabla sijamzaa mtoto wa pili, lakini ndani hapakuwa na mahali pa kuweka hata kidole. Na kurasa hizo hazikujazwa na nchi za watu. Zilijazwa na mto mmoja.

Hesabu yake ni hii. Ukivuka Ruvuma kwenda Msumbiji, upande wetu wanakugongea muhuri wa kutoka, upande wa pili wanakugongea wa kuingia. Ukirudi, wale wanakugongea wa kutoka, na wa kwetu wanakugongea wa kuingia. Mihuri minne kwa safari moja ya kuuza vitunguu. Mimi nilikuwa navuka kila wiki, na vitunguu, sabuni za mche na ndala, nikirudi na pweza mkavu. Kitabu kinachotolewa kwa miaka kumi, kwa mwanamke wa boti hakimalizi miwili.

Kwa hiyo tulikuwa na ufundi wetu. Humpi afisa kitabu kikiwa kimefungwa, maana atafungua ukurasa mweupe na kugonga katikati kama anaua mbu. Unampa kikiwa wazi, dole gumba lako liko kwenye kona unayoitaka. "Hapa, kaka. Hapa pembeni, banabana." Wako waliokubali, wako waliosema unawafundisha kazi.

Halafu akaja yule afisa wa upande wetu. Mtu mzima, mtu wa bara, aliyecheka Kiswahili chetu nasi tukacheka chake. Siku ya kwanza ilikuwa bahati tu. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka, maji yalikuwa yanatoka, kina kinapungua, na gari la mwisho la kwenda mjini lilikuwa limeshawasha injini. Akatutazama na mizigo yetu, akasema, "Nyie si wa nyumbani? Piteni." Wiki iliyofuata wino ulikuwepo, lakini mama mmoja kati yetu akafika dirishani akasema kwa sauti ya kudeka, "Wa nyumbani, kaka, usitumalizie kitabu." Akacheka, akapunga mkono. Ikawa desturi. Wa kutoka anagongewa, wa kurudi anasema "wa nyumbani" na kupita. Hakuchukua kitu. Nalisema hili mapema kwa sababu najua unachowaza. Hakuchukua hata mkono mmoja wa pweza.

Tukaona tumepata ndugu. Tukaona tumeokoa nusu ya kurasa za upande wetu. Hatukuona kingine.

Mwanangu wa kwanza nilimpeleka ng'ambo kwa mama yangu akiwa na miaka mitano na miezi. Mama alizaliwa kule. Alivushwa mtoto, wakikimbia vita ya wakati wao, akakulia Ziwani, kijiji cha huku kwetu, akaolewa na baba yangu Ziwani, na baba alipokufa akarudi kwa kaka zake. Mimi nilikuwa na mimba ya pili, daktari amesema nitapasuliwa, na nyumba yetu ni chumba kimoja. Nikamwambia mama, "Miezi miwili tu, nipone mshono." Ikawa mitano, kwa sababu mshono uliota usaha na mtoto mchanga alikuwa na kifua.

Sasa sheria ya mtoto pale mtoni, kama walivyokuwa wakiitumia, ilikuwa hivi: mtoto mdogo asiye na pasi anapita kwa cheti chake cha kuzaliwa, akiwa na mzazi aliyeandikwa kwenye cheti hicho, na mzazi huyo awe na pasi yake nzima. Bibi hahesabiki. Mama alijaribu kumleta mara moja, wakarudishwa kabla ya kupanda boti, maana tangu hali kule iharibike kwa mashambulizi wanakagua watoto mmoja mmoja, na siwalaumu. Baba watoto ni kibarua kwenye mashamba ya korosho upande wa Naliendele, hajawahi kuwa na pasi maishani, na kuianza ya kwake ni safari ndefu kuliko yangu. Basi nilibaki mimi. Mimi na kitabu changu kilichojaa.

Nilimwendea Novemba, mdogo wake nikiwa nimembeba mgongoni. Shule zinafungua Januari, na nilikuwa nimeshamwandikisha darasa la kwanza mtaani kwetu. Afisa wetu alinitafutia pembe ya mwisho kabisa, akagonga muhuri wa kutoka ukiwa umelala ubavu. "Huyu amelala chali," akasema, "lakini amelala." Nikavuka.

Upande wa pili alikuwa kijana mpole. Akafunua kitabu mbele, akafunua nyuma.

"Mama, nikugongee wapi?"

"Hapo kwenye kona."

"Kona ipi? Hiyo ni ya mwenzangu."

"Gonga juu yake."

"Juu ya muhuri? Mama, huu ni muhuri wa serikali, siyo kanga uitundike juu ya kanga nyingine."

Nikamwonyesha ndani ya jalada la nyuma. Akatikisa kichwa. Nikamwambia nimekuja kumchukua mtoto tu, silali, siuzi kitu, mizigo sina, angalia mikono yangu. Akaniangalia mikono kweli, halafu akanirudishia kitabu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani aliyolia chakula.

Na mwanangu alikuwa pale. Hilo ndilo ambalo bado linanichoma. Mama alikuwa amemleta tangu asubuhi, kasukwa nywele, kavaa gauni la mtumba jipya, ameshika mfuko wake wa nguo mwenyewe. Kijana yule aliniruhusu nisogee kwenye kamba, mpaka boti itakapogeuka.

"Twende?" mwanangu akaniuliza.

"Bado, mama. Kitabu changu kimejaa."

Akanitazama. "Sasa umekuja kufanya nini?"

Nilimshusha mdogo wake kutoka mgongoni amwone, akamshika kidole cha mguu. Mama yangu alikuwa anafunga na kufungua pindo la kanga yake. Nahodha akapiga kelele kwamba maji yanatoka na yeye hataki kukwama kwenye fungu la mchanga. Nikarudi na boti ileile iliyonileta.

Upande wetu, dirishani, sikuweza hata kusema "wa nyumbani." Afisa wetu aliona machozi, akapunga mkono. "Pole, dada. Kabadilishe kitabu, jambo dogo hilo."

Jambo dogo. Maneno hayo niliyasikia tena Shangani, mtaa wa wenye nafasi mjini, siku mbili baadaye. Kuna mama mmoja kule ninampelekea pweza, mama wa watu, mstaafu, nyumba inatazama bahari, anapenda kusafiri na vikundi vya wenzake. Nilipomwambia nataka kubadilisha pasi, macho yakamng'aa. Akaleta zake mbili, ya zamani iliyotobolewa na mpya. Akanionyesha muhuri wa kila uwanja wa ndege, mmoja mmoja, kama anayeonyesha picha za harusi. Huu wa duara, huu wa rangi ya zambarau, huu walikataa kuugonga mpaka akaomba.

"Mimi nakusanya mihuri, mwanangu. Nchi yenye mashine tupu, isiyogonga, siipendi. Nitajuaje nilifika?"

"Wewe unaomba wakugongee?"

"Naomba, ndiyo. Wewe je?"

Nikampa kitabu changu. Akavaa miwani. "Loo! Kumbe umezunguka dunia wewe!" Halafu akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa tano. Muhuri uleule. Mto uleule. Nikaona uso wake unavyotafuta la kusema.

"Umependeza," akasema hatimaye. "Yaani, umejaa vizuri."

Tukacheka wote wawili, yeye kwa aibu, mimi kwa uchovu. Akaniambia nisihangaike, ni jambo dogo, siku chache tu nitapata kipya. Kwake zilikuwa siku chache kweli. Sikumchukia. Nilichukia jinsi ilivyo rahisi kuwa yeye.

Fomu inajazwa mtandaoni. Nilijaza kwa mtu wa stationari karibu na stendi, mtoto akivuta waya wa kompyuta. Picha ya kwanza ilikataliwa kwa sababu vidole vya mtoto vilionekana begani kwangu. Ya pili nilimshikisha mtoto mpiga picha msaidizi, akalia, nami nimetoka na uso wa mtu anayesikia mtoto wake analia. Hiyo ndiyo waliyoipokea. Nikakusanya kitambulisho cha taifa, cheti changu cha kuzaliwa, cheti cha baba. Cha mama hatunacho, na sisi wenye mama wa ng'ambo tunajua kwamba hapo ndipo watu wanapoanza kusogeza miwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikwenda na cheti cha ndoa yao, na barua ya mtaa, na hasira yangu, vyote kwenye bahasha moja ya kaki.

Afisa wa ofisini alikuwa mwanamke wa rika langu, kucha fupi, sauti ya chini. Suala la mama yangu hakuligusa. Alisoma kitabu. Alikisoma kama mwalimu anayesahihisha, kalamu mkononi, ukurasa kwa ukurasa, akiweka alama kwenye karatasi ya pembeni. Mtoto alinyonya, akalala, akaamka.

"Dada," akasema. "Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Kwa kitabu hiki, uko Msumbiji." Akanigeuzia kitabu, kalamu ikagota kwenye ule muhuri uliolala chali. "Hapa umetoka Novemba. Hujarudi."

"Nimerudi. Si unaniona?"

"Na hapa umetoka, hujarudi, ukatoka tena. Na hapa. Na hapa. Umetoka nchini mara nyingi kuliko ulivyoingia. Ulikuwa unaingilia wapi?"

Nimemaliza kidato cha nne, cheti ninacho, na ndani ya boti ndimi niliyekuwa nawasomea watu karatasi zao. Na sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba kurasa tulizookoa zilikuwa zinaandika kitu. Kila "wa nyumbani" tuliyoisema pale dirishani ilikuwa imemwacha mmoja wetu ng'ambo.

Nikamwambia ukweli nusu: kwamba tunapita kituoni, mbele ya dirisha, mchana kweupe, isipokuwa wakati mwingine muhuri haugongwi.

"Haugongwi na nani?"

Nikamhamishia mtoto begani.

"Siwezi kutoa kitabu kipya kwa mtu ambaye cha zamani kinasema hayupo," akasema. Hakusema kwa ubaya, ningependa ningeweza kumchukia. Nikaomba basi hati ya dharura, nimlete mtoto tu. "Hiyo nayo ni ya mtu aliyepo." Akanipa karatasi nyeupe. "Andika maelezo. Kama ulipita kituoni, andika afisa gani alikupitisha bila kukugongea, na mara ngapi. Kama hukupita kituoni, andika ulipita wapi. Hilo la pili lina mashtaka yake, nakwambia mapema kwa sababu una mtoto mchanga."

"Naweza kwenda nayo nyumbani?"

"Nenda nayo. Lakini bila hiyo, usirudi hapa kupanga foleni."

Karatasi ile ilikaa juu ya kabati siku nne.

Habari ilifika kwa wenzangu wa boti kabla sijafika nyumbani mwenyewe, sijui kwa njia gani. Wakaja wawili. Mmoja ndiye yule aliyeanzisha "usitumalizie kitabu," mwanamke mkubwa kuliko mimi, tulikuwa tunamwita mwenyekiti. Wakambeba mtoto, wakamsifu mashavu, wakanywa chai. Halafu mwenyekiti akaweka kikombe chini.

"Shoga, nasikia umepewa insha."

"Nimepewa."

"Nyie wa form four mnapenda kuandika. Sasa mama, ukimtaja yule, umetutaja sote. Vitabu vyetu ni hivihivi. Wataviita vyote."

"Na nisipomtaja?"

"Sema ulipita kwenye mikoko. Nani hajui kwamba watu wanapita kwenye mikoko? Watakuweka ndani siku mbili tatu, watakuonea huruma na huyu mtoto, utatoka."

"Na rekodi yangu? Watanipa pasi nikishasema nimevuka kwa magendo?"

Mwenzake akasema taratibu, "Labda usubiri mwaka mmoja, yapoe."

"Mwanangu asubiri mwaka?"

"Si yuko kwa bibi yake?" mwenyekiti akasema. "Kwani yuko jela? Mimi wangu nimewaacha kwa mama mpaka wameota ndevu."

Nikamwambia anywe chai yake. Alielewa. Walipoondoka alisimama mlangoni, akasema bila kugeuka, "Yule baba ametubeba miaka miwili. Kumbuka hilo unapochonga kalamu."

Nilimuuliza baba watoto. Alikuwa ananawa miguu, vumbi la shambani mpaka magotini. Ni mtu wa maneno machache, na siku nyingine uchache huo unaniudhi. Akasema, "Mimi namtaka mtoto wangu." Akaendelea kunawa.

Siku ya nne mama alipiga kwa simu ya jirani yake. Mwanangu akawekwa kwanza. Alikuwa na furaha. Akanihesabia moja mpaka kumi kwa Kireno, haraka, bila kukosea, au kama alikosea mimi nisingejua. Akasema ana rafiki mwenye kobe. Akasema, "Bibi kasema nitaanza shule huku." Hakuuliza nakuja lini. Nililisubiri lile swali, halikuja.

Mama akachukua simu.

"Mwanangu, mtoto hawezi kukaa tu akiwaangalia wenziwe. Shule ya huku wananipokelea, lakini wanataka baba mwenye karatasi za hapa. Mjomba wako amekubali. Nitamwandikisha kama wa mjomba wako."

"Kama mtoto wake?"

"Kwenye karatasi tu."

"Mama, usimwandikishe."

"Kwenye karatasi tu, nakwambia. Mtoto ni wako, nani atabisha?"

Mama yangu hajui kusoma. Kwake karatasi ni kitu cha kumridhisha mtu wa dirishani, ukishapita umepita. Nami nilikuwa hivyohivyo mpaka wiki ile. Sasa nilikuwa naiona: mwanangu ana cheti kimoja kinachosema ni wangu na daftari la shule linalosema ni wa mjomba, tumesimama wote kwenye kamba, na kijana mpole anafunua, anafunua, halafu anarudisha vyote kwa mikono miwili.

"Nipe wiki mbili," nikamwambia. "Usimpeleke. Waambie ana homa, waambie chochote."

Kesho yake nilipanda gari kwenda mtoni. Sikuwa na sababu ya kwenda zaidi ya kwamba sikutaka afisa wetu asome jina lake kwenye barua bila kunisikia. Nilimkuta mchana, hapakuwa na boti, anakula muhogo wa kuchemsha nyuma ya ofisi. Akafurahi kuniona.

"Dada wa nyumbani! Umepata kitabu?"

Nikamweleza nimesimama. Alipoelewa aliacha kutafuna.

"Unataka kuniandika."

"Wameniambia niandike nani."

"Nilikula chako?"

"Hukula."

"Nilikuomba kitu mimi? Nyie ndio mlikuwa mnakuja hapa na sauti zenu hizo, kaka hivi, kaka vile, utatumalizia kitabu. Mimi nikaona, maskini, wanawake wa watu. Leo mimi ndiye mwizi?"

"Sijasema mwizi."

"Karatasi itasema." Akaweka muhogo chini. "Nimebakiza miaka minne nistaafu. Unajua hilo?"

"Mwanangu amebakiza wiki tano aanze shule. Na ng'ambo wanataka kumwandika wa mtu mwingine."

Inzi wakaja kwenye muhogo. Nilitamani anitukane, ingekuwa rahisi kuondoka. Badala yake akasema, "Basi usiandike nusu. Kama unaandika, andika na kwamba mlikuwa mnaomba. Andika wewe mwenyewe uliomba."

"Nitaandika."

"Sawa. Gari linaondoka saa nane."

Niliandika siku hiyohiyo, juu ya ndoo iliyogeuzwa, mtoto akiwa mapajani. Mwandiko wangu bado ni mzuri. Niliandika kwamba nilipita kituoni kila mara. Niliandika kwamba niliomba nisigongewe ili kuokoa kurasa, na kwamba afisa alikubali bila malipo yoyote. Nikaandika jina lake. Wenzangu sikuwataja, lakini niliandika "sisi," na niliona nilivyoiandika, na sikuifuta.

Watu wameniuliza kama nilijuta. Nilikuwa nimechoka mno. Majuto yanataka mtu aliyelala vizuri.

Ofisini yule mwanamke alisoma mara mbili. Akaniuliza kama nimelazimishwa, nikasema hapana. Niliitwa tena mara tatu, kwa maswali yaleyale yaliyogeuzwa upande. Nikapewa onyo la maandishi, nikatia sahihi. Wenzangu wakaitwa na vitabu vyao, mmoja baada ya mwingine, wakaandika na wao, na wakapata onyo kama langu. Afisa wetu akaondolewa pale kituoni. Wengine walisema amehamishwa bara, wengine walisema anasubiri nyumbani bila kazi. Sijui lipi la kweli na sijathubutu kutafuta. Mwenyekiti nikikutana naye sokoni huwa anageukia mafungu ya nyanya.

Kitabu kipya kilitoka wiki ya pili ya Januari. Shule za kwetu zilikuwa zimeshafungua, na mama alikuwa bado hajamwandikisha mtoto kule. Cha zamani walikitoboa pembe wakanirudishia, nikakiacha palepale kwenye kaunta, dada wa watu akaniita nyuma, "Chukua, ni chako," nikakichukua.

Nilivuka asubuhi ya siku iliyofuata. Ndani ya boti tulikuwa wanane, watano nawajua tangu zamani. Salamu waliitikia. Baada ya hapo wakaongea wao kwa wao kuhusu bei ya vitunguu. Kijana mpole wa ng'ambo akafungua ukurasa mweupe na kugonga katikati, muhuri mzima, na akatabasamu kana kwamba amenipa zawadi.

Mwanangu hakutaka kuja. Niseme tu kama ilivyokuwa. Alikuwa amerefuka, ameng'oka jino la mbele, na alijificha nyuma ya bibi yake akinong'ona kwa lugha ya kule. Mama akambeba mwenyewe mpaka kwenye boti, akamweka, akashuka majini mpaka magotini, na kanga yake ikalowa. Mwanangu alilia mpaka katikati ya mto. Sikumwambia nyamaza. Nilimshika gauni kwa nyuma asije akaruka, mkono mwingine unamshika mdogo wake, na sikuwa na mkono wa tatu wa kumfuta kamasi.

Upande wetu dirishani alikuwa afisa mpya, kijana, shati limepigwa pasi. Mbele yangu walipita wanawake wanne, na wote wanne walinyoosha vitabu bila neno lolote, na vyote vinne viligongwa. Ikafika zamu yangu. Akagonga. Nikaweka na cheti cha kuzaliwa. Akakisoma, akamchungulia mtoto aliyevimba macho.

"Wako?"

"Wangu. Soma hapo."

"Nimesoma. Piteni."

"Na yeye?"

"Yeye nini?"

"Yeye ameingia leo. Iandikwe wapi?"

"Mama, mtoto hana kitabu. Nimgongee kwenye paji la uso?" Wawili nyuma yangu wakacheka.

"Una daftari hapo. Liandike jina lake, na langu, na tarehe, na kwamba ameingia."

"Daftari hili si la hivyo."

"Sasa litakuwa la hivyo."

Nyuma yangu wakaanza. Mama, maji. Mama, gari litatuacha. Mmoja akasema, kwa sauti ya kunifikia, "Si keshazoea kuandikisha watu." Nilimsikia. Nilibaki nimesimama, tumbo langu limebana dirisha lote, hakuna ambaye angeweza kupitisha kitabu. Yule kijana akatazama foleni, akanitazama, akavuta daftari, akaandika. Nikamwomba aligeuze nilione. Aligeuza. Jina la mwanangu lilikuwa sahihi, langu lilikuwa sahihi, tarehe alikuwa amekosea kwa siku moja.

"Leo ni tarehe kumi na tano," nikamwambia.

Akaifuta kwa mstari mmoja, akaandika upya. Ndipo nikatoka dirishani. Mwanangu alisema amebanwa na mkojo, tukaenda nyuma ya kituo, na gari lilitusubiri.